Mbwa wa Miguu Mitatu na Swali la Jirani

Mwaka jana lori lilimgonga mbwa wetu Simba barabarani, karibu na nyumbani kwetu nje ya mji wa Masaka, Uganda. Daktari wa mifugo alisema mguu wa nyuma wa kulia hauwezi kupona: ni kuukata, au kumuua mbwa. Jirani yetu alicheka akauliza, “Maskini gani anamlipia mbwa upasuaji?” Baba alinyamaza, kisha akaniambia, “Mwanangu, utambeba wewe?” Nikakubali. Lakini swali la jirani halikunitoka kichwani, nami kama mwanafunzi wa historia nikalifuata.

Mwaka 1761 Claude Bourgelat alianzisha chuo cha udaktari wa wanyama mjini Lyon, Ufaransa. Kilichosukuma kazi hiyo hakikuwa huruma tu. Tauni ya ng’ombe ilikuwa ikiteketeza mifugo, na majeshi yalitegemea farasi. Aliyetibiwa kwanza ni mnyama mwenye faida. Hata farasi akivunjika mguu, mara nyingi aliuawa.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. Kwanza, mwaka 1846 mjini Boston, Marekani, William Morton alionyesha hadharani kwamba mgonjwa akivutishwa etha anaweza kupasuliwa bila kusikia maumivu. Dawa za usingizi zikatumika kwa wanyama pia. Pili, mwaka 1917 Maria Dickin alifungua zahanati huko Whitechapel, London, kutibu bure wanyama wa maskini. Hapo nikapata jibu la jirani: watu wasio na kitu walipanga foleni kwa ajili ya mbwa wao miaka mia moja kabla yetu.

Nishani yenye jina la mama huyo ilianza mwaka 1943. Mwaka 2016 alipewa Lucca, mbwa wa jeshi la Marekani aliyetafuta mabomu katika misafara zaidi ya 400, hadi bomu lilipomwondolea mguu wa mbele wa kushoto Afghanistan mwaka 2012. Hasara yake ilizidi ya Simba, kwa sababu mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Hata hivyo alitembea tena.

Kwetu hapakuwa na vifaa vya jeshi. Nilichukua gunia, nikalikunja, nikalipitisha chini ya tumbo la Simba mbele ya paja, nikashika ncha zote mbili juu ya mgongo. Nilimsaidia tu, kazi ya kutembea nilimwachia mwenyewe. Sakafu ya sementi ilimtelezesha, tukatandika magunia mengine kutoka mlangoni hadi kwenye bakuli lake. Tulitembea kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na mama akampunguzia posho asinenepe, maana kila kilo ya ziada ni mzigo kwa mguu mmoja wa nyuma. Wiki ya tatu nililegeza gunia, naye hakuanguka.

Mwezi uliopita jirani yule yule alibisha hodi usiku. Mbwa wake alikuwa ameumia mguu. Hakucheka. Aliuliza tu, “Lile gunia bado mnalo?”