Kilele E

Oktoba 1989, madaktari wa New Mexico, Marekani, walikuwa na wagonjwa watatu, wote wanawake, waliowatatanisha. Misuli iliwauma vibaya, na damu yao ilijaa eosinofili, seli nyeupe ambazo kwa kawaida huwa chache. Wote watatu walikuwa wakimeza triptofani, asidi amino iliyouzwa madukani bila cheti cha daktari, hasa kwa waliokosa usingizi.

Habari ilipotangazwa, wagonjwa wakajitokeza nchi nzima. Novemba ya mwaka huohuo vidonge vikaanza kuondolewa madukani. Walioorodheshwa walipita 1,500, na zaidi ya 30 walifariki.

Lakini triptofani imo katika maziwa, mayai na nyama, na vidonge vyake vilikuwa vimemezwa miaka mingi. Wachunguzi wakafuata shehena moja baada ya nyingine, na njia zikaishia kwa mtengenezaji mmoja, Showa Denko wa Japani. Unga wake ulikidhi kiwango cha usafi kilichotakiwa Marekani, asilimia 98.5. Hapo ndipo penye mtego: kipimo kama hicho hueleza kilichomo kwa wingi, na kukaa kimya kuhusu kile kidogo kilichobaki.

Kilichobaki kikatafutwa kwa kromatografia ya kimiminika. Unga huyeyushwa, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa chembe laini mno. Kila kitu hushikwa na chembe hizo kwa nguvu yake, kwa hiyo kila kimoja hutoka kwa wakati wake. Mwanga wa urujuanimno hukinasa kinapopita na mashine huchora kilele. Cha triptofani ni mlima. Chini yake hujipanga vichuguu ambavyo mtu mwenye haraka hangevitazama mara mbili.

Watafiti wa Minnesota walivitazama. Walilinganisha unga uliomezwa na wagonjwa na ule uliomezwa na wazima, na mwaka 1990 wakatangaza kwamba kichuguu kimoja kiliandamana na ugonjwa. Walikiita kilele E. Kilipochambuliwa, kilikuwa molekuli mbili za triptofani zilizounganishwa.

Kiwandani, aina mpya ya bakteria wa kutengeneza triptofani ilikuwa imeanza kutumika Desemba 1988. Halafu mkaa wa kusafishia ukapunguzwa, kutoka kilo 20 au zaidi kwa kila mkupuo hadi kilo 10. Kwa kuwa mabadiliko hayo yalikaribiana, ilikuwa vigumu kujua lipi lilaumiwe.

Wala haikuthibitishwa kwamba kilele E peke yake ndicho kilichoua. Mwaka 1992 kichuguu kingine kilitambuliwa, na muundo wake ulifanana na wa kemikali iliyohusishwa na mafuta ya kupikia yaliyowadhuru maelfu ya watu Hispania mwaka 1981.

Mwongozo wa kimataifa wa 1995 kuhusu uchafu katika dawa mpya uliweka asilimia 0.1 kuwa mpaka wa kawaida wa kutaka uchafu utambuliwe ni kitu gani. Katika unga ule, kilele E hakikuufikia mpaka huo.