Mbwa Anayebaki Watu Wakikimbia

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi aliamuru wakaaji wa sehemu kubwa ya mji wa Goma waondoke. Watu mamia ya maelfu walishika njia ya Sake, ya Rutshuru na ya Bukavu. Mama aliye na godoro kichwani, mtoto mgongoni na mwingine mkononi hana mkono wa kushika kamba ya mbwa. Hakuna wa kumlaumu. Lakini swali la mbwa anayebaki ni la zamani, na miji mingine ililijibu vibaya kabla ya kujifunza.

London, mwaka 1860, mwanamke aitwaye Mary Tealby alifungua nyumba ya mbwa waliopotea na wenye njaa katika mtaa wa Holloway. Magazeti yalimcheka: watu wanalala njaa, wewe unalisha mbwa! (Maneno hayo hata hapa kwetu tunayasikia.) Mwaka 1862 jarida la mwandishi Charles Dickens liliisifu nyumba hiyo, na mwaka 1871 ilihamia Battersea, ambako ipo mpaka leo. Mwenye mbwa alipewa siku chache za kuja kumtafuta. Asiyetafutwa alipewa mtu mwingine, au, tusifiche, aliuawa. Waliouawa miaka ile walikuwa wengi.

Kisha ikaja vita ya 1939. Kabla haijaanza, kamati iliyohusika na wanyama wakati wa vita iligawa karatasi ikiwashauri watu wapeleke wanyama wao vijijini. Na kama hawana pa kuwapeleka, heri wauawe. Vita ilitangazwa tarehe 3 Septemba. Katika juma lile la kwanza, mbwa na paka karibu 400,000 waliuawa London. Si adui aliyewaua. Ni wenyewe waliowapeleka kwa waganga wa wanyama, wakapanga mstari barabarani. Na mabomu hayakuwa yameanguka bado. Mashambulizi makubwa ya ndege juu ya London yalianza Septemba 1940, mwaka mzima baadaye. Watu walikuwa na muda wa kumtafutia mbwa ndugu au jirani wa kijijini, lakini hofu ilienda mbio kuliko wao. Nyumba ya Battersea iliwasihi wasifanye haraka, na ikaendelea kupokea na kulisha mbwa vita yote ikiwa na wafanyakazi wachache sana.

Marekani nao walijifunza kwa maji. Kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans mwaka 2005, wengine walikataa kuondoka kwa sababu mbwa hakukubaliwa kwenye makimbilio. Mwaka uliofuata sheria ilipitishwa: mipango ya kuhamisha watu ifikirie pia wanyama wao wa nyumbani.

Katika nyumba za namna hii leo, kazi ya kila siku ni ya kuchosha. Asubuhi ni kufagia mavi, kuosha sahani, kugawa chakula. Mbwa mgeni hukaa peke yake kwanza, aangaliwe kama ana ugonjwa. Anachanjwa, anafungwa uzazi. Anayekuja kumchukua huulizwa: una ua? Nani atamlisha ukisafiri? Nyumbani kuna watoto wadogo? Akijibu ovyo, anarudi mikono mitupu. Mbwa aliyetolewa kwa haraka hurudi barabarani haraka vilevile.

Maswali hayo hayahitaji jengo wala franga. Familia inayojiandaa kuondoka inaweza kumuuliza jirani anayebaki, na kumwambia ukweli wote: mbwa huyu aliuma mtu, huyu anaogopa risasi, huyu alichanjwa mwezi fulani. Kikaratasi cha chanjo kiende pamoja na mbwa. Kumfunga mnyororo na kuondoka ni kumuua polepole.

Wanaofika kambini na mbwa wao, au wanaokuta mbwa wasio na mwenyewe wakizunguka kati ya mabashi, wajue kwamba kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu karibu hakiponi, na wanaoumwa zaidi ni watoto. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo na mbwa anaonekana mzima.