Maji, Kuni na Reli: Vita vya Taveta, 1914–1916

Msomaji, vita vinapotajwa labda wewe hufikiri habari za mizinga na bunduki. Jemadari mwerevu huuliza kwanza: adui yangu anakula nini, anakunywa nini, na magari yake yanaendeshwa na nini?

Mnamo Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Mbele yao palikuwa na nyika kavu ya kilomita 100 hivi, na ng'ambo ya nyika hiyo ni Voi, ipitapo reli itokayo Mombasa. Askari, vyakula na risasi za Waingereza vilipita humo. Injini za siku zile zilikula kuni na kunywa maji.

Jemadari Lettow-Vorbeck hakuwa na nguvu za kuiteka Mombasa. Basi akatuma vikundi vidogo vya askari, wakaenda siku kadhaa kwa miguu wakiwa na baruti, wakaitega chini ya reli. Waingereza wakatanguliza mabehewa ya mchanga mbele ya injini, ili yalipuke hayo kwanza. Wajerumani nao wakabuni mitego iliyongoja magurudumu kadhaa yapite ndipo ilipuke. Shabaha yao ilikuwa injini, kwani behewa laweza kuundwa upya upesi, bali injini yaagizwa ng'ambo, ije kwa meli.

Lakini huo ulikuwa upanga ukatao kuwili. Watega baruti nao walihitaji maji. Waingereza wakavilinda visima, na wengine wakashindwa na kiu njiani.

Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli mpya kutoka Voi hadi Maktau, wakatandika na bomba la maji kutoka vilima vya Bura. Vitabu husimulia zaidi kilima cha Salaita, ambapo Waingereza walishindwa tarehe 12 Februari 1916. Kwa maoni yangu, bomba lile lilikuwa na maana kubwa zaidi: walioshindwa walirudi kwenye maji na chakula, na mwezi uliofuata, chini ya Jemadari Smuts, wakaitwaa Taveta.

Reli ilipokoma, mizigo ilichukuliwa na wapagazi. Naye mpagazi hula katika mzigo wake mwenyewe. Kadiri safari inavyozidi, ndivyo kinavyopungua chakula kimfikiacho askari. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi. Jina la kikosi chao lingali likitajwa kila siku na wauzaji na wanunuzi, katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.