Hoteli Mbili za Kericho

Katika Kenya neno hoteli lina maana mbili. Hoteli moja ni nyumba kubwa ya kulala wageni; nyingine ni chumba kidogo kando ya barabara, chenye mabenchi, meko na birika. Katika nchi ya Kericho na Bomet zote mbili zimezaliwa na chai.

Mashamba makubwa yalianza katika miaka ya 1920, makampuni kama Brooke Bond yalipopata ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa na serikali ya kikoloni. Mwafrika aliruhusiwa kuchuma majani ya chai, lakini hakuruhusiwa kuyapanda katika shamba lake mwenyewe. Kisha katika miaka ya 1950 Brooke Bond ilijenga Tea Hotel, kando ya barabara iendayo Nakuru. Zama zile hoteli nyingi za Wazungu hazikumpokea Mwafrika ila kama mtumishi. Basi mikono iliyochuma chai iliweza kuiandaa mezani, lakini mwenye mikono hiyo hakuwa na kiti.

Kiti chake kilikuwa katika hoteli ya pili. Humo maji, maziwa, majani na sukari huchemshwa pamoja katika sufuria moja, na dereva, mchumaji na mwalimu hukaa benchi moja. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 marufuku ya kilimo ilianza kulegezwa, na mwaka 1964 ikaundwa halmashauri ya KTDA kuwahudumia wakulima wadogo. Tangu hapo mnywaji aliyeketi benchini aliweza kuwa ndiye mwenye shamba.

Kando ya barabara hizo huuzwa pia mursik, yaani maziwa ya mgando, pamoja na sotet, kibuyu chake, ambacho husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet. Vibuyu vingine hupambwa kwa ushanga, na msafiri huvinunua viwe zawadi. Lakini sotet haikutengenezwa kwa ajili ya mgeni. Ni chombo cha mama, na kazi yake ni kuwalisha watoto wa nyumbani.

Kwa hiyo, msomaji, upitapo huko usiulize bei tu. Uliza nani aliyepanda, nani aliyechuma, na nani aliyepewa kiti. Maswali hayo matatu yatakufundisha mengi juu ya historia ya Kericho.