Mlima Gelai Ulioko Nairobi

Leo nataka tuzungumze habari za garimoshi dogo linaloenea juu ya meza, na za ndugu yake mkubwa ambaye gurudumu lake moja tu lingeijaza meza hiyo.

Dogo niliwahi kulishika kwa mikono yangu. Liliundwa na mstaafu mmoja wa reli kwa kipimo cha moja kwa thelathini na mbili, na urefu wake ni karibu mita moja. Kila ribiti ipo, kila bomba lipo, na ubavuni lina kibao chenye jina: Mount Gelai. Kubwa lenyewe, namba 5918, limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Urefu wake ni karibu mita 32 na uzito wake karibu tani 250.

Sasa tujiulize: kwa nini jitu kama hilo lilihitajika hapa kwetu? Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Ni reli nyembamba, upana wa mita moja. Inaanzia baharini na kupanda zaidi ya mita 1,600 kabla ya kuingia Nairobi, tena kwa kona nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili shehena zililundikana bandarini Mombasa, na magarimoshi yaliyokuwapo hayakuweza kuzimaliza.

Dawa yake ilikuwa ubunifu wa Mwingereza Herbert William Garratt, alioupatia hataza mwaka 1907. Katika garimoshi la kawaida boila hukaa juu ya magurudumu, na magurudumu hayo hulizuia kunenepa. Garratt alilitundika boila katikati. Mbele yake akaweka injini moja, nyuma injini nyingine, kila moja na magurudumu na silinda zake. Boila likapata nafasi, uzito ukagawanyika kwenye ekseli nyingi, na garimoshi zima likaweza kupinda kwenye kona kama nyoka. Huo ndio uzuri wa mfano mdogo: ukiusukuma kwa kidole kwenye reli yake iliyopinda, somo zima la uhandisi unaliona kwa macho.

Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda magarimoshi 34 ya aina hii, yaliyofika mwaka 1955 na 1956. Yalichoma mafuta mazito, yakavuta tani 1,200 kupanda mlima. Duniani kote hapakuwa na garimoshi la mvuke la reli ya mita moja lililoyapita kwa nguvu. Yalipewa majina ya milima ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuwa tangu 1948 reli za nchi hizo tatu zilikuwa shirika moja.

Hapa ndipo ninapotaka tutue kidogo. Mlima Gelai wenyewe uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Garimoshi jingine lililosalia makumbusho hapo, Mount Shengena, limechukua jina la kilele cha milima ya Upare, Tanzania vilevile. Yaani milima ya Watanzania imepumzika Nairobi, na hakuna aliyeiiba. Wakati inabatizwa, mali ilikuwa yetu sote.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli zikagawanywa. Magarimoshi yaligawanywa, mabehewa yakagawanywa, lakini utumishi wa mtu haugawanyiki kwa msumeno. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Watumishi wa zamani wa Jumuiya nchini Tanzania walidai mafao yao kwa miaka mingi, na wako waliozikwa wakiwa bado wanadai. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1999, lakini wino haukuwarudishia miaka yao.

Leo treni za dizeli zinakimbia kwenye reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi tangu mwaka 2017, na za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Ni jambo la kujivunia. Lakini chuma cha zamani kina makumbusho yake na mafundi wa kukiunda upya kwa kipimo kidogo, ribiti kwa ribiti. Dereva, mchochea moto, gadi, na kibarua aliyepigilia mataruma, wao wameandikwa wapi? Wengine bado wako hai mitaani mwetu, na wanakumbuka. Ewe msikilizaji mwenye mzee wa reli nyumbani, kaa naye, muulize, na uandike majibu yake kabla hujachelewa.