SOMO LA REDIO: HABARI ZA BREKI ZA MAFUTA NA MDOMO WA BOMBA

Ninyi mlio Mgori, na ninyi nyote wa vijiji vya Singida, sogeeni karibu na redio. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: breki, bomba, mdomo.

Leo tutasoma historia. Si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu kidogo kuliko ncha ya kidole chako, lakini kila siku kimebeba roho za watu.

Breki za zamani

Motokaa za kwanza zilikuwa na breki za fimbo za chuma na waya. Dereva alipokanyaga, waya ulivutwa, na waya ukavuta breki kwenye gurudumu. Kazi hiyo ilikuwa na taabu yake. Waya mmoja ukilegea, gurudumu moja hukamata kabla ya jingine, na motokaa huvutwa upande. Dereva ataka kusimama, motokaa yataka kuingia mtaroni.

Dawa ya taabu hiyo ilikuwa imekwisha kuelezwa zamani sana. Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, alichunguza tabia ya maji yaliyofungiwa pande zote. Fikirini kiriba kilichojaa maji, nacho kimefungwa mdomo. Ukikibonyeza mahali pamoja, kinasukuma pande zote kwa msukumo uleule. Lakini kikiwa na tundu, hata tundu likiwa mbali na mkono wako, maji yatatokea hapo. Shikeni mfano huo, maana somo lote la leo limo ndani ya kiriba.

Mwaka 1917 Mmarekani Malcolm Loughead alipewa hati ya uvumbuzi wa breki za mafuta. Dereva akikanyaga, mafuta husukumwa katika mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu yote manne, na yote hukamata pamoja. Mwaka 1921 motokaa za Duesenberg zilianza kufungwa breki hizo, na mwaka 1924 kampuni ya Chrysler ikazitumia pia. Lakini Ford aliendelea na breki za fimbo na waya mpaka alipotoa motokaa za mwaka 1939.

Moja ya sababu za watu kuziogopa ilikuwa kuvuja. Breki za kwanza zilizibwa kwa ngozi, na ngozi ilipitisha mafuta. Mafundi wa Chrysler waliiondoa ngozi wakatia vikombe vya mpira. Hivyo breki za mafuta hazikushinda kwa nguvu peke yake. Zilishinda watu walipojifunza kuziba.

Mahali bomba linapoungana

Bomba la breki haliungwi kwa gundi. Fundi huchanua mwisho wake, ukawa mpana kama ua la boga. Nati hupita juu ya bomba na kuukandamiza mdomo huo juu ya kiti chake. Chuma hukaa juu ya chuma, na mafuta hayana njia.

Tena, bomba la chuma likichanuliwa mara moja tu, ukingo wake huwa mwembamba, nao waweza kupasuka. Kwa hiyo motokaa nyingi zina mdomo uliokunjwa mara mbili, kama pindo la nguo. Dereva akikanyaga kwa nguvu, msukumo ndani ya bomba waweza kupita kilo 70 kwa kila sentimita moja ya mraba. Tairi la motokaa ndogo lina kama kilo 2 tu. Pindo hilo dogo ndilo linalozuia mzigo huo.

Kwetu

Hapa kwetu motokaa ziliongezeka sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Askari waliojifunza udereva vitani walirudi nyumbani. Mwaka 1947 mpango wa karanga ulianza Kongwa, ambayo siku hizo ilikuwa katika Jimbo la Kati pamoja na Singida. Mpango huo ulishindwa ukaachwa mwaka 1951, lakini matrekta na malori yake yalihitaji mafundi, na watu wengi walijifunza kazi ya gereji huko. Katika miaka ya 1950 shule za ufundi za Ifunda na Moshi zikafundisha vijana.

Kisha ikaja Novemba 1965. Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, na njia ya Zambia ya kusini ikawa mashakani. Malori yakaanza kubeba mafuta ya Zambia kutoka Dar es Salaam, yakipanda na kushuka Kitonga katika Iringa. Barabara hiyo iliitwa njia ya jehanamu. Bomba kuu la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968.

Sisi wa Singida hatuna haja ya kwenda Kitonga ili kujua mteremko ni nini. Barabara ya Nzega hushuka kutoka Iramba, pande za Sekenke, mpaka mbuga ya Wembere. Malori makubwa ya leo yana breki za upepo. Lakini magari mengi madogo, yachukuayo abiria, alizeti na vitunguu vyetu, bado yana breki za mafuta.

Jinsi fundi anavyofanya

Kwanza, hukata bomba kwa kikatio chenye gurudumu dogo. Msumeno huacha mwisho wa mshazari, na mwisho wa mshazari hutoa mdomo wenye upande mrefu na upande mfupi. Pili, hulainisha ukingo kwa tupa, ndani na nje, na kupuliza unga wa chuma utoke. Tatu, hutia nati katika bomba kabla ya kuchanua, maana baadaye haitapita. Nne, hulibana bomba lisimame wima, akiliacha litokeze kadiri ya kipimo cha chombo chake, si zaidi. Tano, huubonyeza mwisho kwanza kwa kidude cha kukunjia, kisha huukunja ndani kwa ncha ya pia. Sita, huutazama. Mdomo ukiwa na ufa, au umekaa upande, hukata na kuanza upya. Mdomo uliopinda haunyooshwi kwa kukaza nati. Kukaza sana huuponda.

Akiisha kufunga, hutoa upepo katika mabomba, humwambia mwenzake akanyage na kushikilia, naye hupapasa kila kiungo kwa kitambaa kikavu.

Jambo la hatari

Mafundi wengine, bomba likivuja, hulipondaponda kwa nyundo likazibika, gari likaenda na breki za magurudumu matatu. Sasa fikirini. Gari hilo limerudi kwenye taabu ya enzi za waya: litavutwa upande. Wengine hutia maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki. Maji huchemka kwa joto la mteremko, yakawa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, mguu ukashuka hadi sakafuni.

Kwa sababu ya kuvuja, kuanzia mwaka 1968 sheria ya Marekani ilidai motokaa mpya ndogo ziwe na njia mbili za mafuta, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Hata hivyo, njia inayobaki hupunguza ajali tu. Haiwi ruhusa ya kusafiri.

Basi, abiria naye ana kazi yake. Ukiona gurudumu limelowa mafuta kwa ndani, au dereva anakanyaga mara mbili mbili, uliza kabla ya kupanda. Nauli ni yako, na roho ni yako.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini breki za waya zilivuta motokaa upande?
2. Mfano wa kiriba watufundisha nini juu ya tundu dogo?
3. Kwa nini nati hutangulia kutiwa?
4. Tufanye nini tukiona fundi anaziba bomba kwa nyundo?

Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu za jibu la swali la nne. Kwaherini, mpaka somo lijalo.