Bima ya Mwenye Ploti Haijui Godoro Lako
Wasee, niliacha chuo lakini historia sijaiacha. London iliungua 1666. Miaka ya 1680, Nicholas Barbon akaanza kuuza bima ya moto, lakini ya majengo tu. Vitu vya ndani vilingoja hadi 1708, Charles Povey alipoanza kuviwekea bima.

Sasa rudi hapa Kombewa. Ploti ikishika moto, mwenye ploti aliye na bima atajenga tena. Wewe mpangaji utabaki na simu na nguo ulizovaa. Mchango wa WhatsApp ni upendo, sawa, lakini utakununulia godoro, si laptopu ya kazi. Ulizia bima ya vitu vya nyumbani. Uliza pia kama inalipa mafuriko. 2020 ziwa letu lilituonyesha.